Mcheza Kwao Hutunzwa: Ngoma, Maneno Yake na Malezi ya Lugha Kibaha na Kisarawe

1.0 Utangulizi



Nimeombwa kuzungumzia lugha na utamaduni wa Mkoa wa Pwani. Kwa kuwa mada hiyo ni pana, nimeiwekea mipaka miwili. Mpaka wa kwanza ni wa mahali: nitajihusisha na Kibaha na Kisarawe, sehemu mbili zinazopakana na Dar es Salaam na ambazo kwa sababu ya ukaribu huo tumezoea kuzipita bila kuziangalia. Mpaka wa pili ni wa jambo lenyewe, nalo ni ngoma: inavyochezwa, inavyofundishwa na inavyowakutanisha watu.

Hoja yangu ni moja. Tangu tupate uhuru, nchi yetu imefanya kazi kubwa ya kuhifadhi ngoma kama miondoko, lakini imefanya kazi ndogo ya kuzihifadhi kama maneno. Wasanii wamekusanya hatua na midundo. Wanaisimu tumekusanya msamiati na sarufi. Kila upande umechukua nusu yake na kuondoka. Kilichobaki katikati, yaani lugha inayoishi ndani ya ngoma, hakijapata mwenyewe, na wazee wanaokijua wanapungua.

2.0 Neno "ngoma"

Tuanze na neno lenyewe. Wanaisimu linganishi wanakubaliana kwamba ngoma ni neno la kale katika lugha za Kibantu, na maana yake ya msingi ni chombo kinachopigwa. Katika Kiswahili maana zimeongezeka pasipo ile ya kwanza kupotea. Ngoma ni chombo: huwambwa, huoteshwa moto, hupigwa. Ngoma ni mchezo: huchezwa. Ngoma ni tukio: mtu huenda ngomani, na ngoma hukesha. Ngoma ni tiba: kuna ngoma za kupunga pepo, na Wazaramo wana madogoli, ngoma ya uganga iliyoelezwa na watafiti kadhaa. Kwa vijana wa leo, ngoma ni wimbo wowote uliorekodiwa; kwa watangazaji wa mpira, "ngoma droo" ni mechi iliyokwisha bila mshindi. Katika miaka ya 1990 neno hilihili lilitumika mitaani kama tasfida ya UKIMWI.

Wengine huona wingi huu wa maana kuwa ni mchafuko. Mimi nauona kuwa ni ushahidi. Lugha haimpi mtu neno moja kwa chombo, mchezo, mkusanyiko, tiba na wimbo isipokuwa mambo hayo yalikuwa jambo moja katika maisha ya wasemaji wake. Tunapoyatenganisha, tukampeleka mpiga ngoma studio, mchezaji jukwaani, na mganga tukamwacha peke yake, tunakata kitu ambacho lugha ilikiona kizima.

3.0 Uzaramo: mahali na lugha

Kisarawe, tangu vilima vya Pugu hadi Maneromango na Mzenga, ni sehemu ya kiini cha nchi ya Wazaramo. Kibaha, pamoja na Mlandizi, Ruvu na Soga, ni mahali ambapo Wazaramo na Wakwere wamekutana kwa muda mrefu, na baadaye wakakutana na Tanzania nzima. Reli ya kati, ambayo ujenzi wake ulianza Dar es Salaam mwaka 1905, ilipita hapa. Barabara ya Morogoro inapita hapa. Mwaka 1963 nchi za Nordiki na Serikali ya Tanganyika zilianzisha Kibaha mradi wa elimu, afya na kilimo ambao mwaka 1970 ulikabidhiwa kwa Tanzania na kuwa Shirika la Elimu Kibaha. Kambi ya Jeshi la Kujenga Taifa ya Ruvu ilipokea vijana wa makabila yote. Tangu mwaka 2024 treni ya umeme nayo inapita Soga na Ruvu.

Kila moja kati ya njia hizo ilileta watu, na watu walihitaji lugha ya pamoja. Kizaramo, ambacho wanaisimu hukiweka katika kundi la lugha za Ruvu pamoja na Kikwere, Kikutu, Kiluguru na nyinginezo, ni jirani na ndugu wa Kiswahili. Ujirani huo umekifanya kikimbiwe kwa urahisi zaidi. Msukuma anayehamia Kiswahili huvuka mto mpana. Mzaramo huvuka kijito, tena mara nyingi hajui kwamba amevuka. Kwa kawaida lugha ya aina hii huondoka kwanza sokoni, kisha shuleni, kisha nyumbani. Mahali pa mwisho inapojificha ni katika wimbo, kwa sababu wimbo hauruhusu neno kubadilishwa ovyo: mdundo hulishikilia.

Natoa mfano mmoja ambao kila mpenzi wa muziki wa dansi anaujua. Bendi ya Mlimani Park, iliyoanzishwa mwaka 1978, iliuita mtindo wake Sikinde, jina la ngoma ya Wazaramo, na mashabiki wakazoea kusema "Sikinde, ngoma ya ukae". Sikio la Kiswahili husikia hapo kitenzi kaa katika hali ya dhamira tegemezi, kana kwamba mtu anaambiwa aketi. Lakini ukae ni neno la Kizaramo, na maana yake ni nyumbani. Kwa zaidi ya miaka arobaini, maelfu ya watu wa jiji wametamka neno la Kizaramo kila wiki bila kujua kwamba wanasema "ngoma ya nyumbani". Neno lilipona kwa sababu lilipanda ngoma, ila maana yake iliachwa kituoni.

4.0 Kumcheza mwali: sarufi ya malezi

Nawaomba sasa wanafunzi wa sarufi wanisikilize kwa makini. Katika Kiswahili cha shule, kitenzi cheza huchukua yambwa kama ngoma, mpira au karata. Katika Kiswahili cha Pwani kitenzi hicho huchukua pia yambwa ambayo ni mtu: kumcheza mwali. Katika kauli ya kutendwa, binti huchezwa. "Huyu amechezwa" maana yake ni kwamba amepitishwa katika unyago na kufunzwa na makungwi. "Huyu hakuchezwa" ni lawama kwa waliomlea kabla ya kuwa lawama kwake.

Muundo huu si kosa la kisarufi wala ufupisho wa mtaani. Unasema jambo ambalo vitabu vya elimu vingelisema kwa aya nzima: kwamba ngoma ni tendo ambalo jamii humtendea mtoto ili awe mtu mzima. Mcheza hapa ni jamii, na kinachochezwa ni mtu.

Tazameni pia mzizi -fund-. Kutokana nao tuna fundi, fundisha, funza, mafunzo na mwanafunzi. Lakini tuna vilevile kufunda na kufundwa, maneno ya kungwi. Msamiati wa darasani na msamiati wa unyagoni umetoka tumbo moja. Anayedhani kwamba mafunzo yaliingia Kisarawe pamoja na shule za misheni za mwishoni mwa karne ya 19 hajalisikiliza neno analolitumia.

Kwa Wazaramo, kilele cha malezi hayo kinahusishwa na mkole. Mkole ni mti wa jamii ya Grewia. Ni jina la mkutano unaofanyika chini yake. Na ni jina la ngoma na nyimbo za mkutano huo. Marja-Liisa Swantz, aliyefanya utafiti wake miongoni mwa Wazaramo katika miaka ya 1960 na kuuchapisha mwaka 1970, alionyesha jinsi mti huo ulivyobeba mafundisho ya uzazi, ukoo na uhai. Neno moja, mambo matatu: mti, tendo na wimbo. Ukiukata mti, ukabaki na wimbo, mwimbaji ataimba juu ya kitu asichokijua.

Sipendi kueleweka vibaya. Si kila kilichokuwamo katika malezi hayo kinastahili kurudishwa. Kumweka mwali ndani kwa miezi mingi hakupatani na haki ya mtoto wa kike kusoma, na ndoa za utotoni ni jambo ambalo Mahakama Kuu mwaka 2016, na Mahakama ya Rufani mwaka 2019, zililitolea uamuzi, zikatamka kwamba vifungu vya Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971 vilivyoziruhusu ni kinyume cha Katiba. Jamii zenyewe zimekuwa zikirekebisha: sherehe zinasogezwa kwenye likizo, na muda unafupishwa. Hata hivyo, kufupisha sherehe ni jambo moja na kufuta elimu iliyomo ni jambo jingine. Kinachofupishwa kwanza, kwa bahati mbaya, ni maelezo. Ngoma na chakula hubaki.

5.0 Mdundiko: ngoma inayotembea

Unyago una mipaka na siri zake. Mdundiko, kwa upande wake, ni ngoma ya wazi. Ni ngoma ya Wazaramo inayopigwa kwenye harusi na kwenye sherehe za kumtoa mwali, na sifa yake kubwa ni kwamba haikai mahali pamoja. Wapigaji hutembea, wachezaji huwafuata, na watazamaji hugeuka wachezaji bila kuombwa. Wazazi wa mitaa ya Dar es Salaam, Kibaha na Kisarawe wanaijua hofu ya kumkosa mtoto aliyefuata mdundiko.

Umbo la neno linafundisha. Ndani yake tunauona mzizi -dund-, tunaoujua katika dunda na mdundo, ukifuatwa na kiambishi -ik- na kiishio -o kiundacho nomino. Neno linaeleza sauti, bali tendo ni safari. Ngoma hii huwaunganisha watu kwa kuwapitia mlangoni. Hapa hakuna tiketi, wala uzio, wala kiti cha mgeni rasmi. Kwa sababu hiyo mamlaka za miji hazijapata kuipenda sana: ngoma isiyokuwa na mahali pake ni vigumu kuiandikia kibali.

6.0 Kutoka kiwanjani hadi jukwaani

Tarehe 10 Desemba 1962, akilihutubia Bunge baada ya kuapishwa kuwa Rais, Mwalimu Nyerere alitangaza kuundwa kwa Wizara ya Utamaduni wa Taifa na Vijana. Alisikitika kwamba wasomi wa wakati ule walizijua dansi za kigeni kuliko ngoma zao, na akazitaja baadhi ya ngoma hizo kwa majina, zikiwamo gombe sugu na lele mama. Napenda tuzingatie alichokifanya kilugha: aliziita kwa majina. Kwa wengi waliomsikiliza, kujua jina ndiyo ilikuwa hatua ya kwanza.

Yaliyofuata yanajulikana. Kikundi cha Ngoma cha Taifa kiliundwa mwaka 1963. Kijiji cha Makumbusho kilianzishwa Dar es Salaam mwaka 1966, ngoma zikiwa sehemu ya maonyesho yake. Chuo cha Sanaa Bagamoyo kilianza mwaka 1981, tamasha lake likafuata mwaka 1982, na mwaka 2007 chuo hicho kikawa Taasisi ya Sanaa na Utamaduni Bagamoyo. Majeshi, mashirika ya umma na vikundi binafsi kama Muungano, kilichoanzishwa mwaka 1980, vilizipeleka sindimba, lizombe na bugobogobo mbele ya watu ambao wasingeziona kamwe. Kazi hiyo ilikuwa njema, na anayeidharau hajui nchi ilivyokuwa.

Pamoja na hayo, jukwaa lina sheria zake. Ngoma inayokesha hupewa dakika kumi. Watazamaji hawaielewi lugha ya wimbo, hivyo wimbo hupunguzwa ukabaki kiitikio. Kisha kiitikio hutungiwa maneno mapya ya kumkaribisha mgeni rasmi. Mwishowe, ngoma ya mavuno, ya mwali na ya msiba zote huimba salamu ileile, zikitofautiana kwa mavazi. Profesa Penina Mlama na wenzake waliliona tatizo hili mapema. Katika miradi ya sanaa za maonyesho kwa maendeleo ya miaka ya 1980, ukiwamo ule wa Msoga, katika eneo ambalo sasa ni Chalinze, wananchi walizitumia ngoma na michezo yao wenyewe kujadili matatizo yao. Hapo ngoma ilibaki na la kusema kwa sababu waliokuwa wakisema na waliokuwa wakisikiliza ni wamoja.

7.0 "Aina ya ngoma"

Nisingekuwa mtu wa haki iwapo ningewalaumu wasanii na kuwasahau wanaleksikografia. Zifungueni kamusi zetu mtafute majina ya ngoma. Mara nyingi fasili huishia hapa: "aina ya ngoma". Pengine huongezwa jina la kabila, au kwamba huchezwa na wanawake. Tungemfasili simba kwa kusema "aina ya mnyama", mhariri angeturudishia kazi siku hiyohiyo.

Kitomeo cha mdundiko kingepaswa kutueleza angalau mambo matano: ni ngoma ya nani, huchezwa katika tukio gani, huchezwa vipi, yaani kwa kuandamana, huambatana na vitenzi gani, kwa mfano kupiga, kufuata, kupita, na neno limeundwaje. Kitomeo cha mkole kingepaswa kuonyesha maana tatu na uhusiano wake. Kitomeo cha cheza kingepaswa kuwa na maana ya kumcheza mwali, pamoja na mfano wa sentensi katika kauli ya kutendwa. Kadhalika tunahitaji istilahi za chombo chenyewe, kama wambo, chapuo, vumi na msondo, zilizo na michoro, kwa kuwa wanafunzi wengi wanazisoma kama majina matupu.

Msingi wa kuanzia upo. Mradi wa Lugha za Tanzania wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, ulioanza mwaka 2001 na kutoa Atlasi ya Lugha za Tanzania mwaka 2009, ulifufua ari ya kuzieleza lugha zetu za jamii. Sera ya Utamaduni ya mwaka 1997 ilizitambua lugha hizo kuwa hazina ya kukikuza Kiswahili. Tanzania iliridhia mwaka 2011 Mkataba wa UNESCO wa mwaka 2003 wa kulinda urithi wa utamaduni usioshikika, na mkataba huo unazitaja sanaa za maonyesho pamoja na mapokeo simulizi. Kwa hiyo tunalo jina la kazi, na tunacho kibali cha kuifanya.

8.0 "Kwao" ni wapi?

Wahenga walisema: mcheza kwao hutunzwa. Wengine husema hutuzwa. Tofauti ya sauti moja imezua mijadala mingi kuhusu lipi ni sahihi. Kutuza ni kutoa zawadi, kama mtu anavyomtuza mchezaji hadharani. Kutunza kuna maana hiyohiyo, lakini pia ni kulea na kuhifadhi. Naona mapokeo yote mawili yanastahili kubaki, kwa sababu kwa pamoja yanatoa kipimo. Jukwaani mchezaji hutuzwa. Kwao hutuzwa na kutunzwa.

Sasa tutazame kwao. Mcheza ni mmoja, lakini methali haisemi kwake; inasema kwao. Kimilikishi ni cha wingi. Kiswahili kinakataa kumpa mtu mmoja nyumbani kwake peke yake: hata mtu mmoja ana kwao. Mcheza ngoma hucheza mahali panapomilikiwa na wengi, na hao wengi ndio wanaolijua jina lake, wanaoweza kumwitikia, na wanaoweza kumwambia kwamba amekosea wimbo. Hiyo ndiyo fasili yangu ya kwao: ni mahali ambapo hadhira inaweza kuitikia.

Kwa fasili hii, kwao si lazima pawe kijijini, wala si lazima ngoma iwe ya kale. Ngoma za Pwani hazijawahi kusimama. Mwanzoni mwa karne ya 20 beni iliziiga bendi za kijeshi, nayo ikawa ya wenyeji. Vijana wa Dar es Salaam walipochukua vinanda vidogo vya umeme na kuviunganisha na midundo ya Kizaramo, wakapata mchiriku. Kutoka huko ikaja singeli, ambayo leo inachezwa hata Ulaya. Wapo wanaoikunjia uso. Mimi naisikiliza kwa makini, kwa sababu singeli ya mtaani bado ina waitikiaji wanaomjua mwimbaji, na bado inawasema majirani. Kwa kipimo cha methali, iko kwao zaidi kuliko ngoma ya asili inayochezwa kwa dakika kumi mbele ya watu wasioielewa.

9.0 Tufanye nini?

Napendekeza mambo matatu, na yote yanaweza kuanza Kibaha na Kisarawe, ambako mwanafunzi wa Dar es Salaam hufika kwa nauli ya daladala.

Kwanza, mafunzo ya ngoma yaanze na maneno. Mitaala iliyoanza kutumika mwaka 2024 imezipa sanaa na michezo nafasi katika elimu ya msingi. Mtoto wa Mlandizi au Maneromango anapofundishwa mdundiko, aelezwe kwanza wimbo unasema nini, kwa Kizaramo na kwa Kiswahili, na nani humwimbia nani. Mwalimu asiyejua amwalike anayejua, na huyo aliyealikwa alipwe kama mwalimu, asiishie kupewa soda.

Pili, utafiti wetu ufuate adabu. Yapo maneno ambayo makungwi hawayatoi kwa wanaume, wala kwa wasiochezwa, na profesa si ufunguo wa kila mlango. Watafiti wanawake wenye ridhaa ya wenyeji waongoze kazi hiyo, na makungwi wenyewe waamue lipi liandikwe na lipi libaki lilipo. Yaliyorekodiwa yaachwe pia nakala katika shule au ofisi ya kata husika. Rekodi inayokaa chuoni peke yake imetuzwa tu, haijatunzwa.

Tatu, Idara za Kiswahili na za sanaa za maonyesho zishirikiane katika tasnifu. Mwanafunzi wa isimu aandike maneno, mwanafunzi wa sanaa aandike miondoko, na wote wawili wasimamiwe pamoja juu ya ngoma moja. Ngoma kumi zilizoelezwa kwa ukamilifu zitatufaa kuliko orodha ya majina mia.

10.0 Hitimisho

Ndugu Mwenyekiti, lugha haifi kwa kukosa kamusi peke yake, wala haiponi kwa kamusi peke yake. Hupona inapokuwa na kazi ya kufanya. Kwa vizazi vingi ngoma ilizipa lugha za Uzaramo kazi: kumlea mwali, kumsindikiza bwana harusi, kumponya mgonjwa, kumsema jirani aliyekosea. Sehemu ya kazi hiyo imekwisha, na sehemu nyingine inafanywa na ngoma mpya kwa Kiswahili kipya. Sehemu iliyobaki iko mikononi mwa watu wazima walioko Kisarawe na Kibaha leo, ambao wanaweza kuulizwa na wakajibu.

Tusisubiri hadi jibu letu pekee liwe lile la kamusi, kwamba ilikuwa "aina ya ngoma".